Gari Likianza Kumisi: Tuanzie Wapi Kabla ya Kufungua Injini

(Maneno yaliyosemwa na kitengo cha usafiri mbele ya kamati za parokia na wageni wetu wafadhili, Kawe, Dar es Salaam)

Tuliombwa tutoe taarifa ya gari. Taarifa yenyewe mnayo mikononi, ni ukurasa mmoja tu. Kwa hiyo tumeona muda uliobaki tuutumie kueleza jinsi gari hilo lilivyotusumbua kwa wiki saba, pesa tulizopoteza kwa haraka zetu wenyewe, na jinsi ugonjwa wake ulivyokuja kuonekana hapa hapa uani, chini ya mwembe, bila kufungua injini.

Gari mnalijua. Ni Toyota Hiace ya petroli, injini ya 2RZ-E yenye silinda nne, ile ambayo injini imekaa chini ya viti vya mbele, kiasi kwamba ukitaka kuitazama inabidi umwombe abiria ashuke kwanza. Linapeleka wagonjwa Mwananyamala, linaleta unga wa lishe wa watoto, na Jumamosi linabeba viti na masufuria ya misiba. Hatuna jingine.

Lilianza hivi. Mvua za masika zilipokolea, asubuhi gari likiwashwa lilikuwa linatetemeka mpaka kioo cha pembeni hakionyeshi kitu. Sailensa, yaani mwendo wa injini gari likiwa limesimama, ikawa inapanda na kushuka. Dereva akifika kwenye taa za Mwenge na kukanyaga breki, linazima. Akiliwasha na kukanyaga mafuta, linakohoa mara mbili tatu ndipo linaondoka. Mafundi huita hali hii kumisi. Tulisema tutalitazama mwisho wa mwezi, maana bajeti ya robo ilikuwa imekwisha.

Mwisho wa mwezi haukufika. Usiku mmoja tulikuwa tunampeleka mama mjamzito, uchungu umeshaanza, na gari likazimika kwenye Barabara ya Bagamoyo, kabla ya kuimaliza kambi ya Lugalo. Likagoma kabisa. Mama yule alishushwa, akapandishwa bajaji pamoja na mama mkwe wake, mvua inanyesha. Alifika, na mtoto alizaliwa salama. Lakini katika kamati hakuna aliyelala vizuri usiku ule.

Kesho yake tulilivuta hadi gereji moja ambayo hatutaitaja. Fundi alisimama pembeni, akasikiliza injini kwa dakika mbili, akasema imekufa, tutafute nyingine Gerezani. Hakufungua hata plagi moja. Sisi nasi hatukumwuliza amejuaje. Tuliposema pesa ya injini haipo, akasema basi tujaribu kubadilisha vitu, na tukabadilisha: plagi nne mpya, pampu ya mafuta, na nozeli zikaoshwa. Kila mara tulilipa, kila mara gari lilitoka pale likimisi vile vile. Tusimlaumu yeye peke yake. Sisi ndio tuliokuwa tunaleta pesa kabla ya kuleta swali.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja jirani yetu, dereva mstaafu, ambaye hataki kutajwa. Alikuja jioni na spana ya plagi, mita ya umeme na kitambaa. Dereva wetu akamwamkia, “Shikamoo mzee.” Akaitikia, “Marahaba, mwanangu. Haya, nani kati yenu ameshaliuliza gari lenyewe linaumwa wapi?”

Alichotufundisha jioni ile ndicho tunachotaka kuwapa, maana magari mengi ya parokia zetu ni mitumba ya Japani kama hili, na maradhi yao yanafanana.

Injini ya petroli inahitaji vitu vinne: hewa, mafuta, cheche ya plagi, na mgandamizo ndani ya silinda, na vyote vifike kwa wakati wake. Kikikosekana kimoja katika silinda moja, silinda tatu zilizobaki zinaivuta ile iliyolala, ndiyo maana gari linatetemeka. Kwa hiyo swali la kwanza si “kifaa gani kimekufa” bali “je, ni silinda moja au ni zote?” Mzee alichukua kipande cha karatasi, akakishika nyuma ya bomba la moshi gari likiwa linanguruma. Injini nzima inasukuma karatasi kwa mapigo yaliyo sawa. Yetu ilikuwa inapiga, inapiga, inapiga, inaruka moja. Pigo linaloruka kwa mpangilio ni dalili ya silinda moja. Kama karatasi ingekuwa inayumba bila mpangilio wowote, tungeanza kutafuta kwenye mafuta au hewa, vitu ambavyo silinda zote zinashirikiana.

Kabla hatujaendelea, jambo la usalama, na madereva mtuvumilie. Kazi hii ifanyike nje, kamwe si ndani ya banda lililofungwa, kwa sababu moshi wa gari una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na inaua. Breki ya mkono ivutwe, jiwe liwekwe kwenye tairi, gia iwe huru. Khanga, tai, na mikono mirefu ya shati ikae mbali na feni na mikanda. Rejeta isifunguliwe ikiwa ya moto. Na mwenye sigara akae kule barabarani.

Sasa, silinda ipi? Njia ya zamani ni kuchomoa waya wa plagi mmoja mmoja injini ikiwa inawaka. Ukichomoa waya wa silinda inayofanya kazi, injini inazidi kuwa mbaya. Ukichomoa wa silinda iliyolala, hakuna kinachobadilika, maana ilikuwa imelala tangu mwanzo. Lakini njia hii ina hatari mbili. Umeme wa plagi ni wa maelfu ya volti na unaweza kukurusha, na cheche ikikosa pa kwenda inaweza kuharibu koili na kifaa cha elektroniki kinachoiendesha. Kwa magari ya nozeli kama letu ni salama zaidi kuchomoa plastiki ya umeme ya nozeli badala ya waya wa plagi. Unakata mafuta ya silinda ile, unapata jibu lile lile, na petroli mbichi haimwagiki kwenye bomba la moshi. Tulifanya hivyo. Ya kwanza: injini ikayumba. Ya pili: ikayumba, nusura izime. Ya tatu: kimya, haikujali. Ya nne: ikayumba. Basi mgonjwa alikuwa silinda namba tatu, na tulilijua hilo kwa dakika tano, bila senti.

Plagi zilitolewa zote na kupangwa juu ya kitambaa kwa namba zake. Plagi inasema mengi kwa mwenye kuitazama. Yenye rangi ya kahawia hafifu iko salama. Nyeusi yenye masizi makavu inaonyesha mafuta yamezidi hewa, au cheche ni dhaifu, au chujio la hewa limeziba kwa vumbi. Nyeusi yenye utelezi wa oili ni habari mbaya zaidi, oili inapita kwenye ringi za pistoni au kwenye vali. Nyeupe kabisa, kama imechomwa, hiyo inapata hewa nyingi kuliko mafuta au inachemka. Iliyolowa petroli haijapata cheche. Ya kwetu namba tatu ilikuwa imelowa na inanuka.

Hapa wazee kati yenu watasema zamani plagi nzuri ilikuwa na rangi iliyokolea zaidi. Ni kweli. Petroli ya risasi iliacha rangi yake. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuiuza ilipoanza 2006, na nchi ya mwisho duniani kuimaliza vituoni ilikuwa Algeria, Julai 2021. Kwa hiyo msiogope plagi ya leo ikiwa na rangi nyepesi kidogo kuliko ile mliyofundishwa.

Tuendelee. Silinda tatu imelowa, lakini kwa nini? Plagi yenyewe, waya, au kifuniko cha distribyuta? Hapa ndipo mzee alipotufundisha jambo ambalo lingetuokolea pesa zote zile: usinunue, badilishana. Alichukua plagi ya namba tatu akaiweka namba moja, ya moja akaiweka tatu. Tukawasha. Ugonjwa ukabaki namba tatu. Basi plagi haina kosa, na zile nne mpya tulizonunua hazikuwa na kazi. Akabadilisha waya wa pili na wa tatu kati ya distribyuta na plagi. Tukawasha, tukachomoa nozeli tena moja moja. Sasa iliyolala ikawa namba mbili. Ugonjwa ulikuwa umehama na waya.

Tukaupima kwa mita. Kwa magari mengi ya Toyota ya aina hii, waya mmoja wa plagi haupaswi kuzidi kilo-omu 25. Nyaya zetu tatu zilikuwa chini ya hapo kwa mbali. Ule wa nne, mita haikuonyesha chochote. Ulikuwa umekatika kwa ndani. Usiku tulizima taa ya ua tukawasha gari gizani, tukaona cheche za bluu zikiruka kutoka kwenye waya ule kwenda kwenye chuma cha injini, kama kimulimuli. Watoto wa jirani walipenda sana. Ndani ya kifuniko cha distribyuta, ncha zilikuwa na ukungu wa kijani na mweupe. Kawe tuko pwani, upepo wa chumvi unaingia kila mahali, na masika yanaleta unyevu. Umeme ukipata njia fupi ya unyevu hauendi kwenye plagi. Ndiyo maana gari lilikuwa linaumwa zaidi asubuhi na siku za mvua, na mchana wa jua linapata nafuu. Dereva alikuwa ametuambia hivyo wiki ya kwanza kabisa. Hatukuandika.

Tuwaambie na kosa letu jingine, maana si vizuri kujisifu tu. Kesho yake, mzee akiwa hayupo, wawili wetu tulisema tusafishe kifuniko cha distribyuta wenyewe. Tukachomoa nyaya zote nne kwa pamoja bila kuweka alama. Kurudisha, tukabahatisha. Gari lilipiga mlipuko kwenye bomba la moshi, mlinzi akatoka mbio. Injini hii inawasha silinda kwa mpangilio wa 1-3-4-2, si 1-2-3-4 kama mtu anavyohesabu vidole. Chomoa waya mmoja, safisha, rudisha, ndipo uende kwa mwingine. Au funga vipande vya plasta vyenye namba. Simu zenye kamera mnazo wote, pigeni picha kabla ya kugusa.

Seti ya nyaya mpya na kifuniko cha distribyuta vilitoka duka la spea Kariakoo, kwa risiti ya mashine ya EFD. Hili la risiti tunalisisitiza kwa watunza hazina. Waya feki unaonekana kama halisi mpaka uupime, na mwenye duka aliyekupa risiti ni rahisi kumrudia. Tulikwenda na mita, tukapima kila waya pale pale juu ya kaunta. Muuzaji hakufurahi.

Gari likaacha kuruka pigo. Lakini sailensa ilibaki juu, inapanda na kushuka. Wengine wetu tulikata tamaa, tukasema labda yule fundi wa kwanza alikuwa sahihi. Kumbe gari linaweza kuwa na maradhi mawili. Mzee alisikiliza kwa bomba la plastiki alilolishika sikioni, upande mmoja akiuzungusha juu ya injini kama daktari. Palikuwa na mluzi. Mpira mmoja mdogo wa hewa nyuma ya injini, usiozidi unene wa kidole, ulikuwa umepasuka kwa joto. Hewa ilikuwa inaingia bila kupimwa. Akadondoshea maji kidogo pale. Mluzi ukakatika na sailensa ikatulia kwa sekunde chache. Tafadhali, ni maji, si petroli. Tumewaona vijana wanaomwagia petroli juu ya injini ya moto kutafuta pengo la hewa, na hatutaki kuja kwenye msiba wenu. Mpira ule ulikuwa kitu cha bei rahisi kuliko vyote katika habari hii.

Jumla ya matengenezo yaliyofaa haikufika laki mbili. Yale yasiyofaa yamo kwenye ukurasa wenu, mstari wa tatu hadi wa sita, na hatukuyaficha. Wafadhili wetu walituuliza kwa nini matengenezo yalipanda robo ile, na jibu ni hilo.

Tuseme kidogo kuhusu mafuta, kwa sababu parokia mbili zimeuliza. Neno kuchakachua sote tunalijua. Lilivuma kwenye vituo vya mafuta kabla halijahamia kwenye siasa. Mafuta ya taa yakichanganywa na petroli, injini inagonga ikipanda mlima, inatoa masizi, na inakuwa nzito kuwaka. Mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yaliyochanganywa yatambulike, na mwaka 2011 serikali ilipandisha sana kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuchanganya. Kwa hiyo gari likimisi leo, msikimbilie kukisingizia kituo cha mafuta. Ila kama lilianza kuumwa siku ile ile ulipojaza tangi, na linaumwa silinda zote, chukua mafuta kidogo kwenye chupa safi ya kioo, yaache yatulie. Maji yakiwemo yatakaa chini na mstari utauona. Tangi linaloachwa robo kwa wiki kadhaa hukusanya unyevu wake lenyewe.

Na kompyuta ya gari. Magari ya Toyota ya miaka ya tisini yana kisanduku kidogo kwenye chumba cha injini, kifuniko kimeandikwa DIAGNOSIS. Chini ya kifuniko kuna herufi za kila tundu. Funguo ikiwa imezimwa, unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, kisha unafungua funguo bila kuwasha injini, na unahesabu jinsi taa ya injini inavyomweka. Ikimweka kwa kasi moja bila kukoma, kompyuta haijaona tatizo. Ikimweka mara mbili, ikatulia, ikamweka mara mbili, hiyo ni 22, kipimo cha joto la maji. Angalieni herufi mara mbili, tundu lisilo lake linaweza kuunguza kitu. Na mjue kwamba gari letu halikutoa namba yoyote. Waya wa plagi ukivuja kompyuta ya zamani haijui. Mashine haiondoi haja ya kutazama.

Wenye magari mapya zaidi, IST, Noah na kadhalika, kila plagi ina koili yake juu. Njia ni ile ile: hamisha koili kutoka silinda moja kwenda nyingine, uone kama ugonjwa umehama. Taa ya injini ikiwa inawaka na kuzima mfululizo mkiwa barabarani, pungeeni mwendo na msiendelee na safari ndefu. Petroli isiyoungua inachoma kile kichujio cha moshi chini ya gari, na bei yake itawatoa machozi.

Yapo ya kumpelekea fundi bila kubahatisha. Moshi wa bluu unaoendelea. Moshi mweupe mzito injini ikiwa imeshapata moto, pamoja na maji ya rejeta kupungua. Oili inayofanana na chai ya maziwa. Silinda ambayo kipimo cha mgandamizo kinaonyesha iko chini sana kuliko wenzake. Hapo injini itafunguliwa kweli, na ni haki ifunguliwe. Lakini mwende mkiwa na karatasi: silinda namba fulani, tumeshabadilishana plagi, tumeshapima waya, mgandamizo ni huu. Fundi mzuri atafurahi kuipata.

Kitengo kimeomba kamati ikubali mambo mawili. Kwanza, daftari la gari liwe na safu ya maneno ya dereva, si kilometa na lita peke yake. “Asubuhi za mvua ni mbaya zaidi” yangetuokolea wiki saba. Pili, vijana wawili wapelekwe VETA Chang'ombe kwa kozi fupi ya ufundi wa magari, kwa pesa ambayo tungetumia kununua ile injini ya Gerezani. Mwenyekiti amesema litajadiliwa baada ya chai.

Kuna aliyeandika swali kwamba gari la parokia yao linamisi likiwa la moto tu, likiwa la baridi ni zima. Mama, tumeliona pale nje, umekuja nalo. Tuacheni viti, twendeni tukalisikilize. Karatasi na mita tunazo, na mzee ameshafika.